Neno la Kuachia

Kwenye malango ya nyumba za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kuna kibao ambacho kila mpita njia amekisoma: "Mbwa Mkali". Maneno mawili tu, na aghalabu kichwa cha mbwa kimechorwa kando yake, masikio yamesimama. Kibao hicho hakisemi mbwa amefundishwa nini, anamtii nani, wala akishauma ataachia lini. Chasema ni mkali, basi. Na Kiswahili, kwa ukarimu wake, kimelipa neno hilo kazi nyingi: jua kali, siki kali, mwalimu mkali, kisu kikali. Katika hao wote, wa kufikiriwa zaidi anapotajwa mbwa ni kisu, kwani ukali wa kisu hauna hasira ndani yake. Kisu hukata kwa kuwa kimenolewa, na kikirudi alani kimetulia. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, akachokozwa kwa vijiti, akashindishwa na njaa ili "awe mkali", huyo hakunolewa. Ametiwa hofu, na hofu haina ala ya kurudia.

Wajerumani wameutafuta mpaka baina ya makali na hofu kwa zaidi ya miaka 100, na njia waliyoishika ni mtihani. Chimbuko lake ni malishoni. Mbwa wa wachungaji wa huko alikuwa na kazi ambayo aliyekulia pwani huenda asiitambue upesi. Mashamba hayakuwa na ua, na baina ya majani ya kondoo na ngano ya mtu palikuwa na mfuo tu wa jembe. Mbwa ndiye aliyekuwa ua. Alikimbia kandokando ya mfuo ule, kwenda na kurudi, na kondoo aliyeuvuka alishikwa kwa meno shingoni, ubavuni au pajani, akarejeshwa. Lakini kondoo ni mali. Ngozi ikitoboka, mchungaji ametiwa hasara na mbwa wake mwenyewe. Kwa hiyo mbwa alitakiwa ashike kwa kinywa kizima, pasi na kurarua, na aachie mara tu kondoo anaporudi upande wake. Kinywa chenye nguvu ya kuvunja mfupa, kikafunzwa kisijeruhi: yote yaliyofuata yalijengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 1899 Max von Stephanitz, kapteni wa askari wa farasi, alimnunua mbwa mmoja katika maonyesho ya Karlsruhe, akampa jina la Horand von Grafrath. Tarehe 22 Aprili ya mwaka huohuo ikaundwa jumuiya ya mbwa wachungaji wa Kijerumani, na Horand akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari la nasaba. Von Stephanitz hakushughulishwa na uzuri. Alitaka akili, na alitaka kazi. Walakini malisho yalikuwa yakipungua na viwanda vikienea, na mbwa asiye na kondoo amebaki na silika isiyo na pa kwenda. Akawapeleka mbwa wake kwa polisi na kwa jeshi. Ndipo likazuka swali: ikiwa kondoo hawapo, itajulikanaje kwamba mbwa huyu angali na tabia ileile, kushika bila ya kurarua na kuachia kwa neno? Mtihani uliundwa ili kulijibu. Kwa miaka mingi uliitwa Schutzhund, yaani mbwa wa ulinzi, na kwa jina hilo ukaenea duniani. Tangu 2019 shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linauita kwa herufi IGP, mtihani wa kimataifa wa mbwa wa kazi. Neno "ulinzi" limeondoka katika jina. Ulinzi wenyewe umo mle mle.

Kabla ya kuufikia, mbwa hupitishwa mlango mwingine, akiwa ametimiza miezi 15. Hutembezwa njiani. Baiskeli humpita, mtu hukimbia karibu naye, gari husimama na kufungua dirisha, mbwa mwingine hukatiza mbele yake. Kisha hufungwa peke yake, na mwenyewe akatoweka machoni. Wala hakuna la ajabu linalotakiwa hapo. Atakiwalo ni kuwa kiumbe anayeweza kuishi na watu. Na jambo moja katika mlango huu lastahili kukumbukwa: mwenye mbwa ambaye hajapata kupita humo hupewa karatasi na kalamu, akajibu maswali. Mtihani wa mbwa huanza kwa kumtahini mtu.

Mtihani mkubwa una sehemu tatu, kila moja ina alama 100, na apataye chini ya 70 ameanguka. Sehemu ya kwanza ni ya pua. Katika daraja ya juu, mtu asiyemjua mbwa hutembea shambani hatua zisizopungua 600, akakata kona, akadondosha vitu vitatu vidogo njiani, kisha nyayo zikaachwa zipoe kwa muda wa saa nzima. Ndipo mbwa huja, mwenyewe yuko nyuma kwa kamba ya mita 10, naye huinamisha pua na kuyasoma majani yaliyovunjika na udongo uliotibuliwa. Akikifikia kitu, hulala kando yake akangoja. Mwenye mbwa hajui nyayo zilipopita. Hapo bwana ndiye anayefuata na mbwa ndiye anayeongoza, na kila anayemvuta kwa sababu amedhani anajua zaidi humpotezea alama.

Sehemu ya pili ni ya utii. Mbwa hutembea ubavuni pa mwenyewe, mkono wa kushoto, bila ya kamba, akapita katikati ya kundi la watu. Huambiwa keti, lala, simama, ilhali mwenyewe yuaendelea na mwendo wake pasi na kugeuka. Huruka kiunzi akaleta kipande cha mti. Hutumwa mbele mbio, moja kwa moja, pasipo kitu cha kukifuata, na akiwa katikati ya mbio zake akaambiwa: lala. Risasi mbili hupigwa hewani, na anayezikimbia huondolewa uwanjani. Kisha hulazwa chini peke yake, akatazama mbwa mwingine akifanya kazi, naye asiinuke. Lakini mwamuzi haandiki tu yale yaliyofanyika. Huangalia yamefanyika kwa moyo gani. Mbwa anayetembea sawasawa lakini mkia umefyatwa, masikio yamelala na macho yanaukwepa mkono wa bwana, hupunguziwa alama ingawa hatua zake hazina kosa. Katika uwanja huo utii wa woga ni utii wenye dosari, nayo dosari hiyo ina hesabu yake.

Sehemu ya tatu ndiyo inayojaza watazamaji. Uwanjani pana maficho 6, na mbwa huyazunguka moja baada ya jingine kwa ishara ya mkono. Katika la mwisho yumo mtu, msaidizi wa mtihani, mkono mmoja umevishwa kinga nene ya juti, mkono wa pili una fimbo iliyofunikwa laini. Amesimama kimya. Mbwa akimwona hujaa nguvu mwili mzima, hubweka usoni pake, hupiga miguu chini, lakini hamgusi. Mtu aliyesimama hakufanya kosa, na mbwa anayemuuma mtu aliyesimama amekosea. Msaidizi akikimbia, hukamatwa kwa ile kinga. Akigeuka na kushambulia, fimbo juu, sauti juu, mbwa humkabili na kushika kwa kinywa kizima, kwa utulivu, kama babu zake walivyomshika kondoo. Ndipo msaidizi hukoma kupigana, na kutoka mbali likaja neno la mwenye mbwa. Kwa Kijerumani ni silabi moja: Aus.

Hapo ndipo mtihani wote ulipokuwa ukielekea. Mbwa yu katika kilele cha raha yake. Damu imepanda, kitu alichokitaka kimo kinywani, na hakuna mkono wa mtu shingoni pake. Anatakiwa aachie kwa neno tu, kisha abaki palepale, macho hayatoki kwa msaidizi, bila ya kuuma tena. Asipoachia kwa amri ya kwanza, huongezwa mbili, na kila moja ina gharama. Asipoachia kwa ya tatu mtihani wake umekwisha, hata kama nyayo alizisoma bila ya kosa na utii wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Meno peke yake hayampitishi mbwa yeyote. Wanaoangushwa na kukosa kuachia ni wale ambao mtu wa langoni angewasifu kuwa ndio wakali hasa.

Mfasiri anayetaka kulihamisha neno hilo la Kijerumani hukuta Kiswahili kina maneno mawili palipo na moja. "Acha" ni kukoma: mtu huacha kazi, huacha uvivu, mume huacha mke. "Achia" ni jingine. Huachiwa kilichoshikwa: usukani, mkono wa mtoto anayejifunza kutembea, demani pale nahodha anapouona upepo umezidi. Hakuna awezaye kuachia kitu ambacho hakukishika sawasawa. Kwa hiyo neno la uwanjani ni "achia". Aliyetiwa hofu hukimbia, au huuma akakimbia, kwani hakupata kushika. Aliyetiwa wazimu hushika asiweze kuachia. Anayetafutwa na mwamuzi ni yule wa katikati, na wa katikati ni wachache.

Kwa nini ni wachache? Hapo neno la pili laingia: tabia. Utii hufundishwa, tabia huletwa. Kiarabu kilichotupa neno hili kina mzizi wenye maana ya kupiga muhuri, na mzizi huohuo ndio uliozaa matbaa, nyumba ya kuchapia vitabu. Tabia ni chapa. Fundi anaweza kuusoma ukurasa, anaweza kuuhifadhi usichanike, lakini wino ulikwisha kukauka kabla hajafika. Marekani iko jumuiya iliyoundwa mwaka 1977 kwa ajili ya kuisoma chapa hiyo tu. Mtihani wake una vipengele 10, na mwenye mbwa haruhusiwi kusema neno, kwani utii hautafutwi hapo. Mtu baki hupita bila ya kumjali mbwa. Mwingine huja kwa bashasha. Ndoo ya mawe hutikiswa mahali pasipoonekana. Risasi hulia. Mwavuli hufunguliwa ghafla mbele yake. Hupitishwa juu ya karatasi ya plastiki na juu ya wavu wa chuma. Mwishoni hutokea mtu wa vituko, kutoka mbali, akasogea kwa vitisho. Kushtuka kwa mwavuli hakumwangushi mbwa. Kila chenye uhai hushtuka. Linalotazamwa ni lile linalofuata. Je, anarudi kuunusa? Anasahau, akaendelea na njia yake? Au hofu imeingia, ikakaa, ikakataa kutoka?

Kuhusu hofu inayokataa kutoka, ushahidi mzito zaidi ulitoka katika maji. Mnamo Septemba 1924 mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad, na maji yakaingia katika mabanda ya mbwa wa Ivan Pavlov, mtaalamu aliyekuwa akichunguza namna mnyama anavyojifunza. Mbwa waliogelea ndani ya vizimba vyao, pua zimegusa dari, hata wakaokolewa. Mafuriko yakapita, mabanda yakakauka. Ndipo Pavlov alipoona kwamba baadhi ya mbwa walikuwa wamepoteza mafunzo yao, kana kwamba maji yameyafuta, ilhali wenzao waliokuwa katika mafuriko yaleyale walibaki kama walivyokuwa. Baadaye, kijito chembamba cha maji kikapitishwa chini ya mlango wa chumba cha mmoja wa wale dhaifu, na mafunzo yakamtoka upya. Pavlov aliwagawa mbwa katika tabia nne, akazilinganisha na zile nne za matabibu wa Kiyunani, damu, balghamu, safura na sauda, ambazo tiba ya pwani nayo ilizipokea kwa njia ya Waarabu. Msiba ni mmoja, nyoyo si moja. Mwenye kumpiga mbwa dhaifu ili awe mkali anamwaga maji chini ya mlango kila siku.

Haya yote yaweza kuonekana ni mambo ya mbali, ya watu wenye mashamba makubwa na jioni za baridi. Visiwani na pwani mbwa hana nafasi ndani ya nyumba. Watu wa madhehebu ya Shafi wanaijua hukumu ya mate yake, kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mtoto hukatazwa kumgusa kabla hajajua kusoma. Hata hivyo, kutomgusa si kutomjua. Hadithi za Mtume zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Unguja wasasi wamewinda nguruwe kwa mbwa, nyavu na mikuki, vizazi kwa vizazi, na wahenga wakatuachia methali kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo imeweka ukali mahali pake: umeanza kwa msasi.

Zaidi ya hayo, mtihani wa mbwa ulikwisha kuandikwa katika vitabu vilivyosomwa barazani na misikitini pwani hii, karne nyingi kabla ya Karlsruhe. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida imehalalisha kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Wanazuoni wakauliza: aliyefundishwa ni yupi? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameyataja masharti katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Lamu na Unguja wamekaa nacho magotini miaka na miaka. Mbwa akitumwa, aende. Akizuiwa, azuilike. Akikamata, amzuilie bwana wake windo wala asile. Na mara moja haitoshi. Mambo haya yakariri hata ipatikane dhana yenye nguvu kwamba amefunzika. Akishakubaliwa kisha siku moja akala, windo hilo si halali, na mafunzo huanza upya. Cheti cha Nawawi, kwa lugha ya leo, kinaweza kufutwa.

Msomaji aliyeuona uwanja wa Kijerumani hatakosa kuzitambua sehemu zake: kutumwa, kuzuiwa, kushika bila ya kurarua. Zilizaliwa mbali mbali, pasi na kuonana, kwa kuwa aliyepewa kiumbe mwenye meno hana budi kuuliza maswali yaleyale. Lakini kitabu cha fikihi kina jambo moja ambalo kanuni za uwanja hazikulisema waziwazi. Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa Tai aliyekuwa mfano wa ukarimu, alimwuliza Mtume juu ya mbwa wake wa kuwinda. Jawabu alilopewa, kwa ufupi wake, ni kwamba mbwa akila katika windo, basi huenda amejikamatia mwenyewe, usile. Na akiingia mbwa mwingine kati, isijulikane ni yupi aliyeua, usile pia, kwani jina la Mungu ulilitaja kwa wako, hukulitaja kwa wa mwenzako. Maana yake ni pana kuliko nyama. Mbwa asiyefundishwa hufanya yake mwenyewe. Mbwa aliyefundishwa amelitoa pendo lake, na kitendo chake kimehesabiwa kuwa cha aliyemtuma. Ndiyo maana windo likawa halali. Ndiyo maana bismillahi ikatakiwa kinywani mwa mtu. Katika Kiarabu aliyefundishwa ni "muallam" na anayefundisha ni "muallim", neno lililokuja kwetu likawa mwalimu. Baina ya mbwa na mwalimu wake pana tofauti ya irabu moja. Utii ukitimia, dhima yote humwangukia mwalimu.

Hapa mtihani wa mbwa unaacha kuwa habari ya mbwa. Mwezi wa Mei 1963, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, polisi waliwaachilia mbwa wachungaji wa Kijerumani dhidi ya vijana Weusi walioandamana kutaka haki zao. Picha moja ya kijana aliyeshikwa nguo na askari ilhali mbwa anamrukia tumboni ilisambaa duniani kote. Aliyeitazama picha hiyo kwa jicho la mwamuzi angeweza kusema mengi juu ya askari na machache juu ya mbwa. Mbwa alitumwa, akaenda. Kijana wa watu hakuwa na fimbo. Kwa sheria ya yale maficho 6, alistahili kubwekewa asiguswe. Lakini sheria hiyo hulindwa na mwenye neno, na mwenye neno hakulitaka.

Ujerumani yenyewe ilikuwa imekwisha kulijua hilo kabla ya Birmingham. Wanazi walipoitwaa nchi waliitwaa hata jumuiya ya mbwa, na von Stephanitz aliyeiasisi akauacha uongozi wake mwaka 1935. Alifariki tarehe 22 Aprili 1936, siku ileile ya mwezi ambayo jumuiya yake ilizaliwa miaka 37 nyuma. Mbwa wa uzao alioulea walipangwa kwenye nyaya za kambi za mateso, nao walitii. Hakuna alama inayoweza kupunguzwa hapo kwa upande wa mnyama. Akili na kazi, mambo mawili aliyoyataka yule kapteni, yote mawili yalikuwapo. Lililokosekana halimo katika uwezo wa mbwa kulileta.

Nyuso nyingine za utii ziko karibu nasi zaidi. Katika muongo wa 2010 mbwa wa kunusa walianza kutumwa katika bandari ya Mombasa na upande wa Dar es Salaam, kutafuta pembe za ndovu zinazofichwa katika makontena. Hawa hawaumi wala hawabweki. Akiinusa pembe, mbwa huketi, akatulia, akamtazama mwenzake. Pua yake haijui kontena ni la mkubwa au la mdogo, na hana namna ya kulikumbuka jina lililoandikwa kwenye hati. Amekwisha kusema lake. Kutoka hapo, kufungua mlango wa kontena au kupita kana kwamba hakuna aliyeketi, ni kazi ya mtu, nayo haina mwamuzi uwanjani wa kuihesabia alama.

Uko basi mtihani mmoja wa mwisho, mgumu kuliko ule wa kuachia, nao pia ulianzia Ujerumani. Mwaka 1916, vita vikiwarudisha nyumbani vijana waliopofuka, daktari Gerhard Stalling alifungua Oldenburg shule ya mbwa wa kuwaongoza vipofu. Baadaye mama mmoja wa Kimarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akizalisha na kufundisha mbwa wachungaji huko Uswisi, aliitembelea shule ya namna hiyo mjini Potsdam, akaandika makala gazetini mwaka 1927. Kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala hiyo, naye akavuka bahari mwaka 1928 kwenda kufundishwa pamoja na mbwa jike aliyemwita Buddy. Waliporudi Marekani walivuka barabara kubwa ya New York mbele ya waandishi wa habari, magari yakinguruma pande zote. Mwaka 1929 ikaanzishwa shule ya kwanza ya aina hiyo nchini mwao.

Mbwa wa namna ya Buddy hufundishwa utii wote wa wenzake: keti, lala, mbele, kushoto, kulia. Kisha hufundishwa usiopatikana uwanjani kokote. Mwalimu hufunga macho kwa kitambaa, akasimama ukingoni mwa njia, akaamrisha "mbele" ilhali gari linakuja au mbele kuna shimo. Mbwa anayetii ameanguka. Anayefaulu ni yule anayesimama imara, akapinga mkono wa bwana wake kwa mwili mzima, na pengine akamkingamia miguuni asipite. Watalaamu huuita uasi wa akili. Huyu naye amelitoa pendo lake, kwani hasimami kwa ukaidi wala kwa woga. Barabara ikiwa tupu huenda kwa neno moja. Anasimama kwa kuwa ameielewa amri kuliko maneno yake. Aliyesema "mbele" alitaka afike ng'ambo, na njia ya kufika ng'ambo, kwa dakika hiyo, ni kutokwenda.

Ndio maana mbwa hakuweza kufundishwa peke yake. Morris Frank alikaa wiki kadhaa huko Uswisi akijifunza, na zito katika masomo yake halikuwa kutoa amri, kwani kutoa amri kila mtu anajua. Alikuwa akishika mshikio uliofungwa mgongoni mwa Buddy, na mshikio huo ukisimama, ilimpasa naye asimame, asivute, asikaripie, aliachie neno alilokwisha kulitamka, mpaka mbwa atakaposogea tena.